Moja Pande Zote Mbili

Baada ya mtihani wa hesabu wa kuingia chuo kikuu, Zaina na rafiki yake Kanyere waliitwa ofisini kwa Profesa Zacharie, aliyekuwa akisahihisha. Karatasi zao zilikuwa mezani, zimewekwa kando kwa kando.

"Swali la namba kamili," alisema. "Wengine wote walijaribu namba moja moja. Ninyi wawili tu muliongeza moja pande zote mbili za mulinganyo, hesabu ikafunguka. Na mulikaa mumoja nyuma ya mwingine. Donc, nani alitazama kwa mwenzake?"

Hakungoja jibu. Akamwambia Zaina asubiri nje.

Kwenye veranda Zaina alisikia chaki ikigonga ubao, kisha kimya. Njia ile aliigundua yeye, walipokuwa wakisoma nyuma ya duka la vitenge la baba yake Kanyere. Alipoieleza, Kanyere alitikisa kichwa na kurudi kwenye pembetatu zake. Sasa aliielewa lini? Na siku ya mtihani, kwa nini alichagua kiti cha nyuma yake wakati vingine vilikuwa wazi?

Kanyere alitoka akipangusa chaki mikononi, akapita bila kumtazama. Amenisingizia, Zaina aliwaza.

Ndani, ubao ulikuwa umefutwa. Profesa alimtaka atafute kila pembetatu yenye pembe mraba na pande za namba kamili, ambayo eneo lake na mzingo wake ni namba ileile. Zaina alipanga herufi, akaongeza nane pande zote mbili za mlinganyo, akapata sita, nane, kumi.

"Ni hiyo tu?"

Mawazo yake yalikuwa bado nje, kwa Kanyere. Akarudia, akaiona ya pili: tano, kumi na mbili, kumi na tatu.

"Bon. Wewe unajua. Na mwenzako, anajua kweli, ao alitazama kwako?"

"Sijue, Prof."

"Yeye alipata zote mbili bila kuulizwa. Nikamuuliza juu yako. Akasema njia ni ya kwako, wewe ulimufundisha, akairudilia peke yake mupaka ikamuingia."

Kanyere alikuwa akimngoja nje ya lango.

"Alikuuliza juu yangu?"

"Ndiyo."

"Ukajibu nini?"

"Nilisema sijue."

"Si ungeniuliza mimi," alisema Kanyere, akasimamisha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, na kupanda nyuma ya dereva.

Wote wawili walipita mtihani. Chuoni Kanyere humsalimia Zaina vizuri, humuuliza habari za nyumbani, kisha huenda kufanya mazoezi na watu wengine.