Chafya za Waisiko

Bhoke alikuwa anapita mbele ya nyumba ya fundi cherehani, ndoo ya maji kichwani, aliposikia sauti ya binti yake Waisiko ndani.

"Mama, sindano nyingine hii hapa!"

Mwantumu, mke wa fundi, akacheka. "Una macho makali wewe."

Bhoke hakubisha hodi. Alipita kama hakusikia, na maji yakammwagikia begani mpaka nyumbani. Mama! Na hayo macho makali, nyumbani kwake Bhoke yalikuwa mekundu, yamevimba, yanachuruzika machozi tangu masika yalipokolea.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu wahamishwe. Zamani waliishi juu mlimani penye mawe, kila boma peke yake na ng'ombe wake. Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilipokuja, wakashushwa huku Machochwe na kupangwa kwa mistari kando ya barabara. Mseti, mume wa Bhoke, akapewa kiwanja cha mwisho. Mbele yao lilikuwa shamba la kijiji, nyuma nyasi tupu mpaka upande wa hifadhi ya wanyama. Kule mlimani Waisiko hakuugua zaidi ya mafua ya kawaida. Huku, kila masika yakikolea, alipiga chafya kumi, kumi na tano mfululizo asubuhi, akasugua macho mpaka yakafumba. Bhoke alimfukiza majani. Alimpaka siagi puani. Jirani mmoja akasema ni jicho la mtu. Chafya hazikukoma.

Zilikoma kwa Mwantumu. Yeye na mumewe Maftah walitoka Mugumu kuja kushonea kijiji, na nyumba yao ilikuwa katikati, karibu na duka la ushirika, uwanja wake udongo mtupu uliokanyagwa na wateja. Hawakuwa na mtoto. Mwaka jana Mwantumu alimwita Waisiko amwokotee sindano zilizoanguka, na tangu hapo msimu wa chafya mtoto alishinda huko. Aliondoka asubuhi akisugua macho, akarudi jioni macho meupe, nywele zinanukia sabuni.

Mama mwingine angeshukuru. Bhoke alijaribu, akashindwa. Ina maana yeye aliyemzaa anamtoa nyumbani mgonjwa, na mwanamke mwingine anamrudisha mzima?

"Amekupa nini kule?" alimwuliza mtoto.

"Uji."

"Na nini?"

"Ameniosha uso."

"Kwani mimi sikuoshi?"

Waisiko, mwenye miaka sita, akaomba maji ya kunywa.

Siku iliyofuata mtoto alirudi na gauni jipya la maua ya buluu. "Amenishonea," alisema. "Ameniambia nguo za kutoka huku zina vumbi la nyasi, niwe nazivua mlangoni kwake."

Bhoke alimvua gauni hilo, akalipeleka mwenyewe.

"Karibu, mama Waisiko," Mwantumu alisema.

"Sikai. Mtoto wangu ana nguo."

"Si kwa ubaya. Niliona tu kwamba akibadilisha..."

"Ukitaka mtoto, zaa wako."

Mwantumu aliweka mkono juu ya gurudumu la cherehani, akatazama chini. Bhoke akaondoka. Alijua ametoa neno lisilorudi, na bado kuna mahali ndani yake palipofurahi.

Kesho yake wanawake walikuwa na zamu ya kufyeka kingo za shamba la kijiji. Bhoke akaenda na Waisiko. Watoto wa wenzake walikuwepo wote, wake ana nini? Nyasi zilikuwa zimefika kifuani, na kila panga lilipopita, unga wa njano uliruka ukaelea. Mtoto alipiga chafya mpaka akachoka. Saa sita alikuja akajiegemeza kwenye mguu wa mama yake, hasemi, kifua kinapiga filimbi, midomo imebadilika rangi.

Bhoke alitupa panga, akambeba, akakimbilia zahanati. Alipopita kwa fundi, Mwantumu aliwaona, akatoka na kuwafuata bila kuitwa. Jua lilikuwa kali na njia ndefu. Bhoke alipoanza kuyumba, Mwantumu alinyoosha mikono ampokee. Bhoke akamkaza mtoto zaidi, akaendelea.

Pale zahanati, mganga Tomaso alimchoma mtoto sindano, akamkalisha wima. Pumzi zilipoanza kupita, aligeuka kumwuliza mama.

"Hali hii huanza lini?"

"Wakati wa masika."

"Mvua zinapoanza, au nyasi zinapochanua?"

Bhoke hakuwahi kuangalia hilo.

"Zinapochanua," Mwantumu alijibu kutoka mlangoni.

"Asubuhi au jioni?"

"Asubuhi zaidi, na siku za upepo. Mvua ikinyesha anatulia."

"Analala juu ya nini?"

Hilo Bhoke alilijua. "Godoro la nyasi. Nimelijaza upya wiki iliyopita, alale vizuri."

Tomaso akatikisa kichwa. "Mama, haya si mafua, wala si jicho la mtu. Nyasi zikichanua hutoa unga mwembamba, upepo unaubeba. Sisi wengine hautudhuru. Mwili wa huyu unaukataa. Huo ni mzio."

"Dawa yake?"

"Nitakupa vidonge vya piriton, vitapunguza chafya. Kazi kubwa ni ya nyumbani. Msimu huu asiende kwenye nyasi, hasa asubuhi na siku za upepo. Akiingia ndani, osha uso na nywele, mbadilishe nguo. Usianike shuka lake juu ya nyasi. Usimfukize moshi. Na lile godoro litoe leo hii. Kifua kikipiga filimbi tena, mlete mara moja."

Karibu yote hayo Mwantumu alikuwa ameyafanya bila kufundishwa na mtu. Bhoke alidhani ataona aibu. Aliiona, lakini wivu uliitangulia, mkali kuliko ule wa kwanza: mwanamke huyu alimjua mtoto wake kuliko yeye.

Alilimwaga godoro mbali na nyumba. Kwa siku tatu Waisiko alilala juu ya ngozi ya ng'ombe, akaamka analalamika mbavu. Kitu cha kujazia godoro kilikuwa mahali pamoja tu, na siku ya nne Bhoke alikwenda.

"Hodi."

"Karibu, mama Waisiko."

"Nimekuja kuomba vipande vya nguo. Vya godoro."

Mwantumu aliingia ndani, akatoka na gunia limejaa. "Nilivikusanya siku ile ile. Sikuthubutu kuvileta."

Bhoke alisimama na gunia mkononi. "Lile neno nililokwambia..."

"Nimezika wawili," Mwantumu alisema. "Sikujaliwa tena. Na mimi nikuambie langu, kisha unifukuze ukitaka. Nyasi zikikauka, Waisiko haji. Anacheza na wenzake. Basi mwaka huu nilikuwa natazama nyasi kila siku, naomba zichanue mapema. Nilikuwa naomba mtoto wako augue."

Bhoke aliketi kwenye kizingiti. Alitegemea hasira ije, haikuja. Kumbe hata huyu msafi, mwenye sabuni na magauni ya maua, alikuwa na uchafu wake moyoni. Jambo hilo lilimpa nafuu ambayo hakuweza kumwambia mtu.

"Awe anakuja asubuhi," alisema mwishowe. "Jua likipinda nitamfuata mwenyewe. Kumwosha jioni ni kazi yangu."

"Ni yako."

Mseti aliomba ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji, wakazing'oa nyasi za nyuma ya nyumba, wakapanda viazi vitamu. Masika yaliyofuata chafya zilirudi, ila chache, na kifua hakikupiga filimbi tena. Wivu nao haukwisha. Kuna siku Bhoke alifika kumchukua mtoto mapema mno, akajifanya ana haraka.

Waisiko alipoandikishwa darasa la kwanza, Bhoke alikwenda kumweleza mwalimu: asipangiwe kufyeka uwanja nyasi zikichanua, aoshe uso akirudi darasani, akikosa pumzi apelekwe zahanati. Alieleza yote kwa mpangilio.

"Umejuaje haya yote?" mwalimu aliuliza. "Daktari?"

Jibu hilo lilikuwa rahisi, tena lilikuwa nusu kweli.

"Jirani yangu," Bhoke alisema. "Mwantumu, mke wa fundi."