Wati Kumi na Nane za Ambanoro

Mwaka sabini na tisa nilimpima samaki wa umeme kwa mita yangu. Alipiga chafya, taa za Mahajanga zikazimika mji mzima. Asiyeamini akamuulize samaki.

Kwa sifa hiyo mpwa wangu Hachimia, uzeeni mwangu, aliniita kisiwani Nosy Be nipime mashine zake. Alikuwa ameunga kompyuta nane, kila moja kama pakiti ya biskuti, zifanye kazi kama moja: kukagua picha za damu na kutafuta malaria. Zahanati ya huko, Ambanoro, haina daktari wala nyaya za umeme. Ina paneli ya jua inayomudu wati ishirini na tano, basi. Soilihi, mjumbe wa wafadhili, alikuja kushuhudia. Zikizidi hapo, anazirudisha Mahajanga.

Hachimia alizilisha picha za wiki nzima. Adhana ya Ijumaa ilipokwisha, nikazifungia mita.

"Kumi na nane!" Soilihi akasema. Hachimia alinikumbatia hadi mbavu zikalia.

Tukiwa bado tunacheka, muuguzi Bi Kouraichia akarudi kutoka kuswali chumba cha pili, akabonyeza kitufe. Feni za kompyuta zikaanza kuvuma. Mita ikapanda: ishirini na sita, thelathini, thelathini na nne. Nikaifunika kwa kofia yangu.

"Mzee, ondoa kofia," Soilihi akasema.

"Naianika, mwanangu. Nimeshakusimulia habari za yule samaki?"

"Iondoe, mjomba," Hachimia akasema mwenyewe.

"Bi Kouraichia, ulizifanya nini?" Soilihi akauliza.

"Adhana ililia, nikazisimamisha, kama redio. Au mlitaka zimvumie muadhini?"

Hata mimi redio yangu naizima.

"Tukiziacha nne tu?" nikanong'ona.

"Programu haienei kwenye nne, mjomba." Hachimia akaanza kuchomoa nyaya, moja moja, akizikunja vizuri kama nguo za mtoto.

Sasa ziko kwenye ofisi moja huku Belobaka, Mahajanga, umeme tele. Nilipita kuzijulia hali, nikazifungia mita: kumi na nane. Hakuna anayezipelekea picha.

Hachimia akapiga simu. Kule Ambanoro vioo vyenye matone ya damu vinasafirishwa hadi mjini Hell-Ville, majibu hurudi homa ikishamaliza kazi yake.

"Mashine zangu zinafanya kazi, mjomba?"

"Zinavuma mpaka majirani wanalalamika!"

"Hata adhana ikilia?"

"Hata adhana ikilia, mwanangu."