Vifaru Viwili kwenye Kichanja cha Kahawa

Hatukuwa tukimtegemea mgeni yeyote siku ile mtu mwenye shati la kiofisi aliposhuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba yetu, Nyaishozi, amekumbatia maboksi mawili kama aliyebeba mayai.

"Wewe ndiye Nolasco wa kifaru cha maboksi?"

Nikamwamkia, nikakubali. Tangu nimalize chuo ninajitolea kufundisha historia sekondari, na picha ya kifaru cha vita nilichowaundia wanafunzi kwa maboksi ya sabuni ilikuwa imezunguka kwenye simu za watu hadi Kayanga. Mgeni aliitwa Deodatus, mtumishi wa idara ya ardhi, kwao Muleba. Mama alimletea kahawa ya kutafuna. Akafungua maboksi.

Nilipiga kelele. Vyote viwili vilikuwa Tiger, kifaru cha Wajerumani cha Vita Kuu ya Pili! Vya plastiki, vya kuunganisha mwenyewe, vya ukubwa uleule!

"Shemeji kanitumia," alisema. "Kimoja chako na wanafunzi wako. Kingine nitaunda na binti yangu, Kemirembe, nimemwahidi. Vilinganishe, uchague wewe. Jumamosi napita kuchukua kitakachobaki."

"Utakikuta kamili, kila kipande," niliahidi.

Nilivilinganisha siku mbili, hata chakula nasahau. Kimoja kilikuwa cha miaka mingi: vipande vichache, minyororo ni ukanda wa mpira tu, koleo na nyundo vimeumbwa pamoja na bodi. Lakini cha pili! Kila pingili ya mnyororo peke yake! Magurudumu yamepishana safu kwa safu, kama yalivyokuwa kwenye kifaru chenyewe. Hatimaye ningewaonyesha wanafunzi jinsi matope ya Urusi yalivyoganda katikati yake.

"Unacheka peke yako," mama alisema. "Umepata mchumba?"

"Zaidi, mama!"

Nikachagua hicho kipya. Ijumaa nikaanza kuosha, maana plastiki hutoka kiwandani na mafuta na rangi haishiki. Nilitanguliza kile cha zamani ili Kemirembe akipate safi. Nikaanika vipande vyake kwenye kichanja, pembeni mwa kahawa, nikaenda kufundisha.

Yakadondoka manyunyu. Mama akafunika kichanja kwa nailoni, kama afanyavyo siku zote. Kisha jua likatoka kali, na nailoni ikabaki. Niliporudi, bodi ilikuwa imejikunja kama ganda la ndizi.

Mama alishika mdomo. "Mwanangu, nimekuua."

"Mimi ndiye niliyeanika, mama."

Jumamosi pikipiki ikasimama. Mama akaninong'oneza, "Mwambie vilikuja hivyo."

Angeamini. Boksi lingefunguliwa Muleba, nami nisingekuwepo. Nilitazama boksi jipya, pingili zile ambazo sikuwa nimegusa hata moja, na moyo ukaniuma kweli.

"Umechagua?" Deodatus aliuliza.

"Nilichagua hiki kipya. Lakini chako nimekiharibu kwa jua. Chukua hiki."

"Aa, kijana! Na wanafunzi wako?"

"Nilikuahidi kamili. Kilicho kamili ni hiki."

Akanyoosha mikono. Nilichelewa kidogo kuliachia boksi. Kisha nikaliachia.