Video ya Saa Tatu

Laptopu ilizimika saa nne na dakika sita asubuhi, mara ya tatu tangu chai, kioo kikawa cheusi na humo akajiona mwenyewe, bisibisi mkononi, kibano mdomoni, tulia, akajiambia, fundi kasema iache ipoe, lakini ipoe mpaka lini, tumbo la mashine linachoma kama pasi na sauti ya baba yake imo humo, humo tu, video moja ya saa tatu nzima waliyorekodi kabla ya upasuaji wa koo, kwa kuwa daktari alishasema baada ya hapo mzee hatazungumza tena, na ni yeye, binti msomi wa nyumba, aliyeifuta kwenye simu apate nafasi, nafasi ya nini, ya picha za viatu vya mitumba… “Dada, umeshaifungua?” fundi aliuliza kutoka kwenye simu iliyolala mezani. “Nimeifungua.” “Feni inazunguka?” “Haizunguki, imejaa nyuzi.” “Nyuzi? Kwani ulikuwa unafuma sweta humo?” Akacheka peke yake, maana nyuzi zilikuwa za buluu, sufu ya mama, na mama yake hana kifaa ambacho hakijavishwa, redio ina shela, jagi lina kofia, na laptopu alipoifumia soksi yenye tundu la waya, angeivua vipi mbele yake, mwaka mzima kaiwasha ikiwa imevaa, ikipumulia sufu, ili mama asinune, na sasa… “Usiivue soksi yake, vumbi litaingia!” mama akapaza sauti kutoka jikoni. Amwambie? Amwambie kwamba soksi ndiyo inayoua sauti ya mumewe mara ya pili? “Sawa, mama.” “Nisikilize mimi,” fundi akasema, “diski imeshikana na ubao wa mashine, haichomoki, ubao ukiungua hata mimi sina uchawi, ikiwaka nakili hiyo video basi, usifungue kingine.” Akavuta nyuzi kwa kibano, zikaja na vumbi kama nywele za bafuni, akaizungusha feni kwa ncha ya kidole, akafunika, akaiinua juu ya vikombe viwili, akabonyeza, waka, nakuomba waka, ikawaka, akachomeka flashi, asilimia mbili, nne, flashi kuukuu inavuta kama inapanda mlima, na chini ya kiganja joto limeanza tena, saba, baba alikaa kiti kile cha dirishani akauliza niseme nini, naye akamjibu chochote tu, baba, halafu saa tatu nzima akakodolea taa nyekundu ya simu na chaji inayoshuka, baba anasema, anakohoa, anasema, na sasa hakumbuki hata neno moja, hata moja, alijua atasikiliza siku nyingine, kumi na moja, na tangu mzee arudi kutoka hospitali anagonga meza akitaka kitu, naye hukimbilia maji, dawa, mto, akiangalia kitambaa cha shingoni, usoni haangalii, kwa sababu ile midomo ikifunguka halafu kisitoke kitu… kumi na sita, feni inalia kama mbu, ikizimika sasa ndiyo basi.

Mlango ukasukumwa, baba akaingia na kifuniko cha boksi la viatu, akavuta kigoda, akaanza kuipepea mashine, polepole, kama anayepepea mkaa. “Baba, utachoka.” Akatikisa kichwa, midomo ikacheza, naye akaanza kunyanyuka, maji? mto? baba akamshika mkono akamrudisha kitini, akarudia, na safari hii ilimbidi aitazame, midomo mikavu, ndevu hazijanyolewa upande mmoja. “Mimi?” Akaitikia kwa kichwa. “Mimi nimefanyaje?” Ikacheza tena, neno refu kidogo. “Nimechoka?” Baba akacheka, mabega yakipanda na kushuka bila sauti, akaitikia mara mbili, mwili mzima, kama mtu aliyejibiwa kutoka ng’ambo ya mto. “Dada, upo?” simu ikauliza. “Subiri,” akasema, “baba anaongea,” akageuza kiti, kioo kikabaki ubavuni, uso wa mzee ukawa mbele yake. “Enhe, baba. Tena.”

Saa nne na nusu video ilikuwa imenakiliwa asilimia thelathini na moja. Mashine ilikuwa bado inachoma, na baba alikuwa hajaacha kupepea.