Kiboksi cha Kubana Besi

Mzee Maganga alinishika sikio mbele ya bendi nzima, mimi mtu mzima mwenye mke, akanivuta mpaka kwenye spika.

"Bebe, wewe Zamoyoni, tazama," akasema. "Tazama kazi ya mikono yako."

Nikatazama. Spika ya besi ilikuwa imechanika tena. Ile karatasi yake nyeusi ilikuwa imejaa viraka vya gundi na vipande vya kanga kuukuu ya mke wangu Mwasiti, na sasa palikuwa na mchaniko mpya pembeni, unapitisha kidole. Mwaka ule wa themanini na nne spika mpya huipati Katoro, huipati Geita, na huko Mwanza kwenyewe watu walikuwa wanapanga foleni ya sabuni.

"Shikamoo kwanza, mzee," nikasema. "Hii spika imezeeka."

"Marahaba. Haijazeeka. Wewe unapiga besi kama mtu anayeua nyoka."

Wenzangu wakaangua kicheko, na Mwasiti aliyeniletea chakula akacheka kuwashinda wote. Mzee hakucheka. Vyombo vyote vya Nyota Jazz vilikuwa mali yake, kuanzia magitaa mpaka jenereta, vilinunuliwa kwa ng'ombe wake.

"Nimeongea na Stanslaus wa Mwanza," akasema. "Ana besi tamu, na ana spika yake mwenyewe. Siku ya mashindano hii ikipasuka, yeye anapanda jukwaani, wewe unashuka. Na ukishuka, umeshuka moja kwa moja."

Akaondoka, fimbo kwapani. Nilikuwa nimeliacha duka la marehemu baba yangu, Mzee Akida, nikawaambia kaka zangu kwamba mimi ni mwanamuziki, si muuza karafuu na viberiti. Walicheka siku ile. Nikinyang'anywa besi, nitarudi kwa uso gani? Tangu hapo usingizi ulinikimbia. Nikikaa nasimama, nikisimama natembea, mezani vidole vinagonga sahani mpaka Mwasiti ananipiga kofi mkononi.

"Kula, mwanamume! Sahani nayo utaipasua?"

Mashindano yenyewe yalikuwa na bendi ya Masumbwe, baada ya mavuno ya pamba. Bendi za mjini hupiga kwa zamu na kupigiwa makofi. Kwetu Mzee Maganga alitaka yawe kama mbina, zile ngoma za Kisukuma alizokuwa akiziongoza ujanani: pande mbili mnapiga saa moja, uwanja mmoja, huyu huku na yule kule, na watu wenyewe wanatembea kwenda wanakovutwa. Mwenye watu ndiye mshindi. Na kila kiongozi wa mbina ana dawa yake ya kuvuta watu. Mzee hakuwahi kuificha yake. Ilikuwa kwenye kibuyu kidogo kiunoni mwake, maji ya mizizi yanayonuka hadi machozi yanakutoka.

"Huo ni upuuzi, mzee," niliwahi kumwambia.

"Ndiyo maana spika zinakupasukia," akanijibu.

Aliyenionea huruma ni Marcel, mpiga gitaa la solo wetu, Mrundi mpole aliyezunguka na bendi nyingi kabla ya kufika kwetu. Asubuhi moja alinijia na kiboksi cha chuma, kidogo, cha kukanyaga kwa mguu, chenye vifundo viwili vya kuzungusha na betri ndani.

"Kompresa," akasema. "Nilipewa na mzungu mmoja wa misheni. Gitaa langu halikihitaji. Wewe unakihitaji."

"Kinafanya nini?"

"Umemwona mama akipakua? Mwenye sahani iliyofurika anapunguziwa, mwenye kidogo anaongezewa. Hiki ni hivyo hivyo. Noti yako ikiruka juu mno, kinaibana. Halafu sauti yote inainuliwa, zile ndogo nazo zisikike. Spika haipasuliwi na wimbo, ndugu yangu. Inapasuliwa na lile pigo moja la wazimu."

Nikachomeka waya, nikazungusha kifundo cha kushoto mpaka mwisho. Kama kubana ni kuzuri, basi kibane chote! Nikapiga. Ajabu, nikipiga kwa nguvu sauti ni ile ile, nikipiga polepole ile ile. Nikaona kinanidharau. Nikapiga kwa nguvu zaidi, zaidi tena, mpaka kidole kikatoka lengelenge, na besi ikatoka laini kama uji. Nikinyamaza, mngurumo wa jenereta unapanda ndani ya spika na kujaa chumba. Mwasiti, aliyekuwa akijitikisa mlangoni, akaacha.

"Mbona umeacha?" nikamuuliza.

"Sijui pa kukanyaga. Zote zimekuwa moja."

"Umesikia?" Marcel akasema. "Umeua ngoma. Mguu wa kwanza na mguu wa pili haiwi sawa hata siku moja. Bana lile la wazimu tu, mengine yaache yapumue. Na usishindane nacho! Wewe unapigana na boksi."

Akarudisha kifundo chini, karibu robo. Nikapiga tena, na safari hii nikasikiliza. Hapo ndipo nilipojijua. Waya mnene wa gitaa, nikiupiga mtupu bila kuukandamiza kwa kidole, ulikuwa unaruka kama mbuzi aliyekata kamba, na kiboksi kinaudaka. Waya mwembamba, juu huku, ulikuwa haunenepi hata nikiuomba, na kiboksi kinaubeba. Miaka yote ile mimi nilidhani napiga sawasawa. Lo! Niliona aibu, nikaona na furaha, vyote pamoja. Nikawa nashinda na kile kiboksi kutwa nzima. Nikagundua kila mahali kinaponidaka, mpaka mkono ukaanza kujua kabla hakijadaka.

Mzee Maganga alikuwa akija kusikiliza, amekaa juu ya kreti, macho kwenye taa nyekundu ya kiboksi. Watu wa sokoni nao wakaanza kujaa dirishani. Spika haikuchanika.

"Hicho kitu kinakula nini?" akauliza siku moja.

"Betri, mzee."

"Betri tu?" Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Siku ya mashindano uwanja ulijaa tangu adhuhuri. Wachimbaji walitoka mashimoni na vumbi lao jekundu, wakulima walikuja na baiskeli, wake mbele na watoto nyuma. Stanslaus alikuwepo pia, suti ya kijivu, amekalia spika yake kando ya jukwaa letu, anatafuna muwa. Kila nikimtazama ananiamkia kwa kichwa, kwa adabu. Adabu ile ndiyo iliyoniudhi.

Masumbwe wakaanza, na sisi tukaanza. Wimbo wa kwanza haukufika hata kati. Kiboksi kikatoa mkwaruzo, kra-kra, taa ikafifia, besi ikakatika kabisa. Kimya! Nikakanyaga, hola. Marcel akaja kwa hatua za kucheza, watu wasijue, akakizima kwa kisigino ili sauti ipite bila kubanwa. Kisha akainama akakiinua. Maji yakamchuruzika mkononi, na ile harufu ya mizizi ikanipiga puani.

Nikageuka. Mzee Maganga alikuwa chini ya jukwaa, ananitazama kwa fahari ya mtu aliyemfanyia mwanawe jambo jema.

"Nimekinywesha asubuhi!" akanipigia kelele. "Kibuyu chote! Piga, mwanangu!"

Ee Mungu wangu! Nilitaka kulia, nilitaka kumrukia. Na watu walishaanza kusogea mbali nasi. Niliona migongo yao ikielekea Masumbwe. Stanslaus akautupa muwa.

Nikapiga noti moja kwa hasira ile, waya mnene mtupu, na spika ikaguna. Nikaisikia karatasi ikilalamika kwenye kiraka cha kanga. Pigo jingine kama lile, basi, duka la karafuu hilo linanisubiri.

"Wewe ndiye boksi sasa," Marcel akaninong'oneza. "Bana mwenyewe."

Nikafumba macho. Waya mnene sikuupiga tena kwa ukucha, nikaugusa kwa nyama ya dole gumba tu, na kiganja nikakilaza juu yake kidogo usije ukaruka. Nikipanda kwenye waya mwembamba, nakaza vidole viwili, nausukuma. Pale kiboksi kilipokuwa kikinidaka, nikajidaka. Hasira ilikuwa imenijaa, na mikono ikaikatalia kutoka yote mara moja, ikaigawa kidogo kidogo kama yule mama na sahani zake. Ila pigo la kwanza la kila mzunguko nililiacha lizidi kidogo, watu wapate pa kukanyaga.

Nilipofumbua macho niliona nyuso. Mwasiti alikuwa mbele, kanga kiunoni, anakanyaga. Nyuma yake wachimbaji, nyuma yao akina mama wa Kisukuma na vigelegele, na vumbi likapanda mpaka Masumbwe sikuwaona tena. Wimbo ukaisha, wakadai mwingine. Tukapiga mpaka jua likaanza kushuka, na mpiga tarumbeta wa Masumbwe mwenyewe nilimwona katikati ya watu wetu, anacheza.

Mzee Maganga akapanda jukwaani. Akakiokota kiboksi, akakiinua juu kwa mikono miwili.

"Mnakiona?" akanguruma. "Hiki ndicho kilichowavuta! Mimi ndiye niliyekinywesha!"

Watu wakashangilia. Hapo ndipo nilipochemka. Kunyamaza mimi sijui, Mwasiti ni shahidi.

"Mzee, hicho kimekufa!" nikasema, na kipaza sauti kikasema pamoja nami. "Kimekufa tangu wimbo wa kwanza! Umekizamisha wewe na dawa yako!"

Nikamnyang'anya, nikafungua skrubu za chini kwa sarafu. Maji ya mizizi yakamwagika jukwaani, na betri ikafuata, imevimba. Mzee akachungulia ndani.

"Kumbe kilikuwa na kiu," akasema.

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, machozi yalinilenga.

"Ni vidole, mzee! Ni hivi vidole vyangu, hivi unavyosema vinaua nyoka! Siku nzima ya leo umesikia vidole!"

Mzee alikwenda kwenye spika, akapiga magoti kwa shida, akapitisha kiganja juu ya karatasi, kiraka kwa kiraka, akitafuta mchaniko mpya. Akarudia tena kuanzia juu. Hakuupata. Akainuka kwa kushikilia fimbo yake, akamgeukia yule wa suti.

"Stanslaus, baba, pakia spika yako. Lori lisikuache."

Kisha akachomoa kibuyu kiunoni, akakitikisa sikioni. Kumbe kilibaki kidogo.

"Vidole, umesema?"

"Vidole, mzee."

"Basi lete vidole."

Mimi, mtoto wa Mzee Akida, niliyekulia madrasa, niliyemwambia kuwa dawa yake ni upuuzi, nikanyoosha mikono yote miwili. Akanimiminia, akanisugua kidole kimoja kimoja, polepole, kama anayemwogesha mtoto mchanga. Mwasiti akapiga kelele toka chini, "Na ukija nyumbani na harufu hiyo utalala nje!"

Magharibi ilipoadhiniwa nilikwenda kutia udhu. Nikachutama na birika, nikainusa ile mikono, na nikaona uchungu kuinawa.