Adabu ya Kunyamaza

Ukimuuliza mwenyewe, Maalim Ishaka alikuwa akisikia vizuri tu. Ukimuuliza mkewe Dhahabu ungeambiwa mengine, lakini nani aliyemuuliza Dhahabu? Masikio ya mzee yalikuwa yakijifunga polepole tangu mwaka juzi, na yeye lawama zote aliwatupia watu. "Watu wa siku hizi hawana sauti," akisema. "Wanayameza maneno."

Haya basi, mtu huyo, na miaka yake sitini na kitu, kofia iliyotariziwa na kanzu iliyopigwa pasi, ndiye aliyejiandikisha chuoni. Chuo chenyewe kilikuwa tawi la chuo kikuu kimoja, ghorofani juu ya maduka ya Likoni. Usimcheke, alikuwa na sababu yake. Kule kwao Mtongwe alikuwa na chekechea pembeni mwa madrasa aliyosomesha umri wake wote. Kamati ya wazazi ilimwendea, ikamwamkia vizuri, ikanywa kahawa yake, kisha ikamwambia kwamba kuanzia mwakani msimamizi sharti awe na stashahada ya elimu ya awali. Akiikosa, chekechea apewe mwingine. Na Maalim aliwapenda wale watoto mapenzi ya kibabu, yale yasiyo na akili. Alikuwa radhi asome mpaka nywele zilizobaki zimalizike.

Sasa sikiliza balaa lililokuwamo darasani. Nusu ya wanafunzi walikuwa wamepita mikononi mwake madrasa. Ummi, kwa mfano, aliyekuwa akikaa karibu na mlango, Maalim ndiye aliyemfundisha alifu na bee. Na kwa watu wa Mtongwe, aliyekufundisha alifu humtangulii kusema hata uwe na wajukuu. Humkosoi mbele za watu. Akikuita unaitika abee, kisha unangoja. Hiyo ndiyo adabu, na asiyekuwa nayo husemwa mpaka kwa mamake.

Mwalimu wao alikuwa Nafula, mama mchangamfu wa kutoka Bungoma, mwenye elimu yake na bidii yake. Tabia yake moja tu: alisema huku akiandika. Ubao ndio uliosomeshwa, darasa likabaki kutazama mgongo. Akimaliza hugeuka na kupiga makofi. "Maswali? Nani ana maoni?"

Kimya. Wa Mtongwe wote humtazama Maalim kwa pembe ya jicho, wakingoja afungue yeye. Naye Maalim hutabasamu. Oduor naye, kijana wa bandarini anayekaa Changamwe, ambaye hakuwahi kukanyaga madrasa, mwanzo alikuwa akijibu kila kitu. Siku moja Ummi akamvuta pembeni. "Kaka Oduor, Maalim hajasema." Oduor akadhani ni sheria ya chuo, maskini, akafunga mdomo tangu siku hiyo. Nafula naye akarudi ofisini akilalamika kwamba watu wa pwani ni wavivu wa kufikiri.

Na Maalim je? Maalim alikuwa mbali. Ile saa ya mchana joto linapotulia, feni ikizunguka juu, sauti ya Nafula ilimfikia ikiwa laini, haina mwanzo wala mwisho, mfano wa mtu anayesemea ndani ya maji. Mwanzo alijitahidi kuifuata. Baadaye aliiacha ipite. Mwanga wa jua ulichezacheza darini, na katika mwanga ule aliwaona watoto wake wa chekechea wakiingia dirishani mmoja mmoja, miguu mitupu, wakikaa juu ya madawati na kuning'iniza miguu. Hawakusema kitu. Walimtazama tu, nyuso zao zimejaa furaha, naye akawaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, vyema sana. Nafula akigeuka humwona mzee anaitikia kwa kichwa, akafurahi kwamba angalau mmoja anaelewa. Wallahi, ilikuwa raha ya pekee kukaa pale bila kusikia. Maalim alitoka darasani kila siku moyo umetakata na daftari jeupe.

Alhamisi moja Nafula akauambia ubao jambo kubwa. Somo la majaribio, lile ambalo kila mmoja angesimama afundishe wenzake kana kwamba ni watoto, lilikuwa liwe Ijumaa ya wiki inayofuata. Limesogezwa, akasema, litakuwa Jumanne. Asiyefaulu somo hilo hapati stashahada, arudie mwaka. Alisema, akaendelea kuandika mambo mengine. Darasa zima likasikia, ila mmoja, na huyo mmoja alikuwa akiwachekea watoto dirishani.

Nani amwambie? Kumwambia Maalim siku imebadilishwa ni kumwambia, Maalim, hukusikia. Na kumwambia hukusikia ni kumwambia umezeeka, umekuwa kiziwi. Ummi alimfuata mpaka ngazini, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akauliza hali ya Bi Dhahabu, akarudi. Alidhani mwingine atasema. Kila mmoja akadhani mwingine atasema. Maneno yale yakaenda na watu majumbani, yakalala nao, yakaamka nao, hakuna aliyeyatoa.

Jumanne Maalim akafika na kalamu yake tu. Akashangaa kuona wenzake wamebeba karatasi za manila, vizibo vya soda vya kuhesabia, midoli ya vitambaa. Akawaza, hawa leo wana sherehe gani? Alikuwa bado anawaza Oduor alipomgusa bega na kumwonyesha mbele. Nafula alikuwa amekwisha kumwita mara tatu.

Akasimama mbele. Nafula akasogea karibu, na kwa mara ya kwanza Maalim akayaona maneno yake vizuri.

"Somo lako, Maalim. Tunakusubiri."

"Somo ni Ijumaa, Mwalimu."

"Nilitangaza Alhamisi kwamba ni leo. Sote tulikuwa hapa."

Maalim akaligeukia darasa. Nyuso zote ziliinama. Hakuna aliyeshangaa, na hilo ndilo lililomchoma. Walijua! Watoto aliowafuta makamasi walijua, wakamwacha aje kuaibika. Akaiweka sawa kofia yake, akasema "Haya, ahsanteni," akatoka, na njia nzima mpaka Mtongwe hakumwona mtu wala gari. Kila kitu kilipita pembeni bila sauti na yeye akaelea katikati yake.

Dhahabu alimngoja uani. Akamtazama usoni, akajua yote kabla hajaambiwa, ndivyo walivyo wake wa miaka mingi.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema, na alisema kwa nguvu. "Wewe husikii, bwana wee! Mimi nimechoka kupiga kelele ndani ya nyumba yangu kama ninanadi samaki!"

"Wamenicheka, Dhahabu. Siendi tena."

"Na chekechea?"

Hilo alilisikia sawasawa. Aliingia ndani, akajilaza, akalia kidogo kwa siri, uso ameugeuzia ukutani.

Kesho yake alasiri hodi ikapigwa. Ni Nafula na Ummi. Ummi akabusu mkono wa mwalimu wake, akakaa mkekani, machozi yakimtoka. Nafula akakivuta kigoda mpaka mbele ya Maalim, goti kwa goti, akasema taratibu, bila kupaza sauti.

"Maalim, Ummi ameniambia. Kosa ni langu. Nimekuwa nikifundisha ubao."

Mzee akavimba. "Kwani nani kasema mimi sisikii?"

"Sikusema husikii. Nasema mimi nilikuwa sionekani. Wewe ulijua ni Ijumaa, basi fundisha Ijumaa. Nitakungoja."

Dhahabu alikuwa amesimama mlangoni na birika la kahawa. Akaja akammiminia Nafula kikombe cha kwanza.

Ijumaa, baada ya swala, Maalim akaenda na kikapu cha kombe, makaka ya chaza na konokono wa baharini, alichotengenezewa na mkewe. Akakuta darasa limegeuzwa. Viti vimepangwa duara, kila mmoja anamwona kila mmoja. Feni iliyokuwa ikinguruma imezimwa, madirisha yamefunguliwa. Ubaoni pameandikwa kazi yote ya siku ile na ya wiki ijayo. Na Nafula akaweka utaratibu: anayetaka kusema ainue mkono kwanza, wenzake wamgeukie, ndipo aseme. Hakutaja sababu. Alisema tu kwamba ndivyo watakavyosoma kuanzia leo, kila mtu. Maalim akaona mambo ya ajabu. Midomo iliyokuwa imefichwa nyuma ya visogo sasa ilikuwa mbele yake, na maneno yaliyokuwa yakielea yakaanza kutua moja moja. Hata yule Oduor, kumbe ana mzaha mwingi!

Zamu yake ikafika. Akamwaga kombe sakafuni katikati ya duara, akawaambia, "Wanangu, leo tutapanga hizi. Nani ataniambia zinatofautiana vipi?" Alisema kwa upole ule wake wa chekechea, na kombe zile ziling'aa pale chini, na kwa kitambo watu wazima wote wakawa wadogo.

Lakini hakuna aliyejibu.

Akauliza tena. Ummi akaokota kombe moja, akaigeuza, akainamisha kichwa. Nafula, karatasi ya alama gotini, akainua mkono, wakamgeukia.

"Maalim, somo la watoto lisilokuwa na sauti ya mtoto siwezi kulipatia alama. Nisamehe. Wape mdomo."

Maalim akasimama pale. Alijua kilichowafunga, yeye mwenyewe ndiye aliyekifunga, mmoja mmoja, tangu wakiwa hawajui kuvaa viatu. Na alijua namna ya kukifungua. Lakini akikifungua, basi lile alilolificha litatoka nalo, mbele ya watoto wake, wala halitarudi tena ndani. Alitamani mwanga wa darini umchukue kama zamani, aelee, awaitikie watu kwa kichwa mpaka kengele ilie.

Akavua kofia.

"Wanangu," akasema, "mimi sisikii."

Ummi akaziba mdomo kwa mkono.

"Sisikii tangu mwaka juzi. Nilikuwa nikiwaitikia ninyi, na mwalimu wenu, na wazazi wenu, na mengi sikuyajua. Mlininyamazia kwa adabu, nami nilidhani mnanicheka. Basi leo nawapa radhi zangu. Nitangulieni. Nikosoeni. Niambieni usoni, Maalim, hukusikia. Asiyeniambia ndiye nitakayemnyima radhi."

Ummi akainua mkono, taratibu, wote wakamgeukia.

"Maalim, hukusikia," akasema, na midomo yake aliifungua vizuri ili Maalim ayaone maneno. "Binti yangu yuko chekecheani kwako. Kila siku akirudi ananiambia, mama, namuuliza Maalim, Maalim anacheka tu. Sasa amekwisha kuacha kuuliza."

Mzee akakaa chini, pale pale sakafuni, katikati ya kombe. Haya zilimshika mpaka machoni, akaziacha zimshike.

"Alikuwa akiuliza nini?"

"Kila siku swali jipya. La mwisho aliuliza, maji ya bahari yakitoka ufukweni huwa yameitwa na nani."

Maalim akafikiri. Jibu alikuwa nalo, na zuri, lakini akalizuia.

"Usimjibu wewe," akasema. "Jumatatu mlete mbele yangu, umkalishe karibu, uso kwa uso. Mwambie Maalim amemwomba amuulize tena."