Samaki wa Ratili Tisa na Wakia Mbili

Kwa miaka tisa Ansbert Rwegoshora hakuwa ameandika uongo hata mmoja katika daftari la samaki, na jambo hilo lilimpa kiburi ambacho hakujisumbua sana kukificha. Kuna watu wanaojivunia ng'ombe, na kuna wanaojivunia mashamba ya migomba. Yeye alijivunia wakia.

Daftari lilikuwa mali ya klabu ya wavuvi wa Kizungu waliokuwa wameziba kijito kwenye vilima vya Madale. Walipopata bwawa, wakaagiza vifaranga vya samaki aitwaye besi kutoka Naivasha, wakaletwa ndani ya madebe ya maji kwa heshima zote, kama wageni wa serikali. Besi ni samaki wa rangi ya kijani, na domo lake pana kuliko haja yake. Wazungu hawakumvua ili wamle. Walimvua ili wampime. Mtu mzima, mwenye mke na cheo, alikaa juani kutwa nzima, kisha akanuniana na mwenzake mwezi mzima kwa sababu ya wakia mbili! Mwaka wa kwanza Ansbert aliuona huo ni wazimu. Kufikia mwaka wa tatu wazimu ulikuwa umempata na yeye.

Kila Ijumaa alifunga mizani ya klabu kwenye kibebeo cha baiskeli, akaipeleka kwenye duka la Muhdhar, Mwarabu wa pale Kawe, ambaye mawe yake ya kupimia yalikuwa na muhuri wa mkaguzi wa serikali. Wakayalinganisha. "Karani," Muhdhar alizoea kumwambia, "mashaka yote haya kwa samaki asiyeingia chunguni? Haya, lete." Ansbert hakukasirika. Alitaka tu ratili ya Madale iwe sawa na ratili ya Kawe.

Samaki aliyedaiwa kuwa wa rekodi alilazwa juu ya ubao akapimwa urefu, akazungushwa utepe tumboni, akaning'inizwa kwenye mizani mara tatu, na mwisho akapasuliwa. Kupasuliwa kulianza mwaka ambao mwanachama mmoja alimshindilia samaki wake vipande vya risasi ili aongezeke uzito. Tangu hapo ilikuwa sheria: karani apekue tumbo, atoe kilichomo, akiweke kwenye sahani, ndipo atie saini. Bila saini yake cheti hakikwenda Nairobi, na samaki hakuhesabika, hata angevuliwa na gavana.

Mlinzi wa bwawa alikuwa Mhaya mwenzake, Didas, mtoto wa mvuvi wa Kemondo. Didas hakujua kusoma, lakini bwawa lile alilijua kama mfuko wa shati lake. Aliwafahamu samaki wakubwa mmoja mmoja: huyu hulala kwenye matete, yule ana kovu, yule mwingine hapendi mvua. Mkubwa kupita wote alikuwa jike mwenye pezi lililochanika, naye Didas alimwita Mkwe, kwa kuwa alimwonea haya na hakuthubutu kumsogelea. Kila wiki alimpa Ansbert habari zake, na Ansbert akaziandika kwa penseli nyuma ya daftari: Mkwe kaonekana kwenye gogo. Mkwe hakuonekana. Mkwe kanenepa.

Didas hakuruhusiwa kuvua. Mwafrika yeyote hakuruhusiwa. Mwaka uliotangulia mtu mmoja wa Madale alikutwa na kambare wawili wa bwawa lile, akafungwa miezi sita, na mkewe akahamishwa katika nyumba kabla jua halijazama.

Ikawa Jumamosi moja ya Julai mwaka 1953, saa nne asubuhi, Bwana Tremlet akaingia kwenye banda la kupimia akiwa amembeba Mkwe kwa mikono miwili.

Ansbert alimtambua samaki kabla hajamtazama mvuvi. Pezi lilikuwa lile lile. Mdomoni mwake alining'inia samaki wa bati, chambo cha bandia cha Bwana Tremlet, na Bwana mwenyewe alikuwa mwekundu, akicheka peke yake. Wenzake walikusanyika. Nyuma yao, mlangoni, alisimama Didas. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi mapajani.

Urefu, inchi ishirini na tano na robo. Mizani mara ya kwanza, ratili tisa na wakia mbili. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu pia hivyo hivyo. Rekodi ya klabu ilikuwa ratili saba na wakia kumi na moja, na katibu wa klabu, mzee mwembamba mwenye miwani, alivua kofia kama aliyeingia kanisani.

"Mchungulie vizuri, kaka," Didas alisema kwa Kihaya kutoka pale mlangoni. "Fanya kama unavyofanyaga siku zote."

Ansbert alimtupia jicho, akamwona anavyomkodolea, akachukua kisu.

Meza ya kupasulia ilikuwa pembeni, kando ya beseni, na kwa desturi karani alifanya kazi ile akiwa amewapa mgongo mabwana, maana hawakupenda harufu. Alipasua. Akatoa chura aliyemeng'enywa nusu, akatoa vijisamaki viwili. Halafu kidole chake kikachomwa na kitu. Ndani kabisa, mahali koo linapokutana na tumbo, palikuwa na ndoana iliyokunjwa kutokana na spoki ya baiskeli, na kipande cha uzi wa katani kilichokatika.

Ndoana ile alijua imetengenezwa na nani. Alikuwa amemwona Didas akizikunja mara nyingi, Jumapili walipokwenda pamoja kuvua kule mto Mbezi unapoingia baharini. Zina mkunjo wa pembeni, wa Kemondo, ambao hakuna duka linalouuza.

Mambo yote yakamjia kwa pamoja. Aliyemvua Mkwe ni Didas. Tremlet amemkuta naye ukingoni mwa bwawa, amemnyang'anya, na ili mlinzi anyamaze amemwahidi kunyamaza na yeye. Kisha amemtundika samaki chambo chake cha bati mdomoni, wala hakujua kilichomo ndani. Ansbert akaelewa pia, au alidhani ameelewa, lile jicho la Didas. Aliona ni jicho la mtu anayeomba aokolewe. Akiiweka ndoana hii kwenye sahani, Tremlet ataaibika siku moja, na Didas ataozea gerezani miezi sita.

Hakufikiri kwa muda mrefu. Baadaye aliona aibu kwa jinsi alivyoamua haraka, baada ya miaka tisa ya kujisifu. Aliibana ndoana kiganjani, akaosha mikono, akaiacha ianguke kwenye tundu la beseni pamoja na maji ya damu. Akageuka na sahani yake.

"Chura mmoja, samaki wadogo wawili," alisema kwa Kiingereza. "Hakuna kingine, Bwana."

Akakaa, akaandika. Mwandiko wake haukutetemeka, na hilo lilimwudhi. Alipoinua kichwa, mlangoni hapakuwa na mtu.

Jumatatu jioni Didas alikuja nyumbani kwake Kawe. Ansbert alikuwa barazani na daftari, akinakili cheti cha kupeleka Nairobi, na alifurahi kumwona. Siku mbili nzima moyo ulikuwa umemlemea, akawa anajituliza kwa kuwaza namna Didas atakavyomshukuru. Mkewe, Auleria, alileta chai. Didas akatoa punje za kahawa alizofunga kwenye kitambaa, akampa mwenyeji wake kama inavyopasa kwao, wakatafuna.

"Uliiona?" Didas aliuliza.

"Niliiona."

Didas alishusha pumzi ndefu, akafumba macho. "Nilijua. Mie nilijua tu kwamba hutaikosa. Alipokuwa anahangaika kumtundika lile bati lake nilijifanya namshikilia samaki, nikaisukuma ndani kwa kidole. Nikasema, achukue tu. Yuko Ansbert."

Ansbert alikuwa ameshafungua mdomo kusema, Usijali, nimeificha.

"Wewe ulitaka niione?" alisema pole pole.

"Sasa nani mwingine angeiona?" Didas alicheka kidogo. "Miaka saba nawaonyesha samaki walipolala. Nawafungia ndoana, nawabebea viti, nawatolea maji kwenye mitumbwi. Wanaandikwa wao. Yule samaki nimemlea, kaka. Siku ile alinifuata mwenyewe hadi kwenye matete, nikasema leo hapana, leo ni mimi na yeye. Halafu mtu anakuja na viatu vyake anasema, nipe. Lakini wewe umeniambia mara ngapi? Lililoingia kwenye daftari lile halifutiki, hata gavana haligusi."

"Didas, ni miezi sita."

"Kifungo kina mwisho. Felicitas nimeshampeleka kwa dada yake Temeke, na vyombo vyote vimekwenda. Mie nimejiandaa." Alisogeza kigoda chake karibu na daftari. "Ukurasa ndio huu? Nisomee."

Auleria alikuwa amesimama na birika mkononi, akimtazama mumewe. Yeye alijua, kwani Ansbert alimweleza usiku ule ule wa Jumamosi. Na ukurasa ulikuwa wazi mbele yao, wino umekauka, jina la Bwana Tremlet limeandikwa kwa herufi nzuri za misheni ambazo Didas hakuweza kuzisoma.

Ansbert aliweka kidole chini ya mstari.

"Tarehe kumi na moja Julai," alisoma. "Besi jike. Ratili tisa na wakia mbili. Amevuliwa kwa ndoana ya spoki na Didas mwana wa Kagaruki, wa Kemondo."

"Na jina la baba limo?"

"Limo."

"Rudia hapo."

Akarudia. Didas alisikiliza akiwa amekunja mikono kifuani, midomo yake ikifuatisha. Alitaka kujua neno lipi ni Kagaruki, na Ansbert akamwonyesha neno Tremlet. Didas aliligusa kwa ncha ya kidole, kwa tahadhari, asilichafue. Kisha akanyanyuka, akamshika karani mikono yote miwili, akaondoka kuelekea barabara ya Tegeta akitembea haraka kama mtu mwenye habari za kupeleka.

"Mwite," Auleria alisema.

"Nimwambie nini?"

"Mwite, baba. Hajafika mbali."

Ansbert hakumwita. Alijiambia kwamba askari wasipokuja Didas atasahau, mkewe Felicitas atarudi, na maisha yataendelea. Alijiambia mengi. Siku iliyofuata alitia cheti kwenye bahasha, akakipeleka posta mwenyewe.

Wiki ile Didas alikaa akiwasubiri askari. Wafanyakazi walisema alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kibanda chake, amenyoa, na furushi lake dogo kando. Gari lolote likipanda kilima alisimama. Jumatano ilipita, ikapita Ijumaa. Ansbert alimkwepa. Ijumaa aliipeleka mizani kwa Muhdhar kama kawaida, na Muhdhar akamwuliza kama anaumwa.

Jumamosi klabu ilifanya sherehe ya kukabidhi kikombe. Viti vilipangwa chini ya turubai, mabibi wakaja na miavuli yao. Didas alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alibeba viti kama siku zote, ila safari hii alipomaliza hakurudi nyuma jikoni. Alisimama mwisho wa safu, ameinua kidevu. Ansbert alimwona, akaelewa kwa uchungu kwamba Didas alidhani askari watakuja leo, mbele ya watu wote, na kwamba jina lake litatajwa kwanza.

Katibu alisimama na karatasi. Didas hakujua Kiingereza, lakini tarakimu za ratili na wakia alizijua, na majina ya wanachama aliyajua yote. Alisikia tisa. Alisikia mbili. Kisha akasikia Tremlet, na watu wakapiga makofi.

Didas alingoja makofi yaishe. Alingoja hata baada ya hapo, kichwa amekiinamisha upande, labda kuna jina jingine litafuata. Bwana Tremlet alipokea kikombe, akasema maneno mawili matatu, wakacheka. Ndipo Didas alipotembea polepole kupita nyuma ya viti hadi kwenye meza ndogo ya karani.

Hakupandisha sauti. Uso wake haukuwa na hasira, na Ansbert angetoa chochote alichonacho auone una hasira.

"Kaka," alisema, "lile ulilonisomea liko ukurasa gani?"

Ansbert alitazama daftari.

"Nilikuwa namwambia kila mtu," Didas alisema. "Nilimwambia Felicitas. Nilimwambia mpaka yule mama anayeuza vitumbua pale Tegeta. Nikiwaambia, nalionyesha hewani kwa kidole lilivyoandikwa."

Katibu alikuja akiwa na kikombe kinachong'aa kwa jua la mchana, akakiweka mezani katikati yao. Akamwomba karani aandike jina la mshindi kwenye kipande cha karatasi, kwa herufi zake nzuri, ili mchonga vyuma wa mjini asije akalikosea. Didas hakuondoka. Alisimama pale pale, akainama kidogo ili aone vizuri, na Ansbert akaanza kuandika, herufi moja baada ya nyingine, huku Didas akiyafuata kwa macho yale maumbo aliyokwisha kuyakariri kuwa ni jina la baba yake.